Meno ya Mzazi Aliyezeeka: Kutibu, Kung'oa au Kuweka ya Bandia? Ulinganisho kwa Familia za Nairobi

Familia nyingi za Nairobi huamua habari za meno ya mzee kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja anasema mama ang'olewe yote, apumzike na maumivu. Wa pili, aliye Marekani au Ghuba, anasema awekewe vipandikizi, yaani meno yanayofungwa kwenye mfupa wa taya, na pesa atatuma yeye. Wa tatu, anayekaa naye Kayole na kumpikia kila siku, anauliza tu: sasa wiki hiyo atakula nini? Kwa maoni yangu huyo wa tatu ndiye aliyeuliza la maana. Kwa hiyo hapa kila njia itapimwa kwanza kwa namna mzee atakavyoishi nayo tangu asubuhi hadi usiku, halafu bei, na sura ije mwisho.

Kwanza mjueni mzee wenu

Kuna mambo yanayogeuza jibu lote, na hayaonekani kwenye picha ya eksirei.

Angalieni mikono. Mzee anayefunga vifungo vya shati lake mwenyewe ataweza pia kuvaa na kuvua meno bandia yenye vikulabu. Ambaye vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, au upande mmoja umelegea kwa kiharusi, atahitaji mtu wa kumsaidia kila usiku, na ni vizuri mtu huyo ajulikane kabla pesa hazijalipwa. Halafu kumbukumbu. Meno bandia hufungwa kwenye tishu na kutupwa, huachwa kwenye sahani, hupotea wodini. Mzee aliyeanza kusahau hatafaidika sana na kitu cha bei kubwa kinachotoka mdomoni.

Mate nayo yana kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo yanayoshikilia meno bandia ya juu yasidondoke, na ndiyo yanayosafisha shingo za meno, pale ambapo ufizi umerudi nyuma na mzizi umebaki wazi. Dawa nyingi za wazee hukausha mdomo: baadhi ya zile za presha, za mzio, za msongo wa mawazo, za kibofu. Mdomo ukikauka, mzee huanza kunyonya peremende ili kuulowesha, au anakunywa chai ya maziwa yenye sukari kila baada ya saa mbili, na katika mwaka mmoja meno yaliyodumu miaka 70 yanaanza kukatikia kwenye ufizi. Maji ya kunywa kidogo kidogo na pipi zisizo na sukari zinafaa zaidi.

Tatizo lingine ni dawa zenyewe. Msitegemee kumbukumbu, bebeni mfuko mzima mwende nao kliniki. Amlodipini na nifedipini, ambazo wazee wengi wa presha wanazimeza, zinaweza kuufanya ufizi uvimbe na kupanda juu ya meno, na mtu akadhani ni uchafu tu. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiiache mwenyewe eti kesho anang'oa jino. Apimwe INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda, karibu na siku ya kung'oa. Ikiwa chini ya 4, miongozo mingi inamruhusu daktari kung'oa jino moja au mawili, akishona na kubana kidonda vizuri. Damu ya ufizi huzuilika kwa shashi na uzi. Kiharusi kinachokuja kwa sababu dawa imeachwa hakizuiliki hivyo.

Hatari ya dawa za kuimarisha mifupa, kama alendroneti, ilianza kuelezwa na madaktari wa taya mwaka 2003: baada ya kung'oa, mfupa unaweza kukataa kupona na kubaki wazi. Kwa wanaomeza vidonge ni nadra, kwa wanaochomwa sindano kali kwa sababu ya saratani hatari ni kubwa zaidi. Daktari wa meno hawezi kulijua hili asipoambiwa. Kisukari pia: sukari ikiwa juu ufizi unaoza, na ufizi ukioza sukari inakuwa ngumu kushuka. Na presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, kliniki nyingi zitamrudisha mzee nyumbani bila kumgusa, hata kama mmetoka Rongai saa kumi na moja alfajiri. Apimwe mtaani siku moja kabla, ameze dawa zake kama kawaida, na ale kifungua kinywa kabla ya kwenda.

Jino bovu: kulitibu au kuling'oa

Wazee wengi wetu walikua wakati ambapo kumwendea daktari wa meno kulikuwa na maana moja tu, kung'oa. Ndiyo maana wengi hungoja hadi jino liume, halafu huomba litolewe. Kwa bei ya siku ile, kung'oa hushinda kila kitu: katika kliniki binafsi ni shilingi elfu chache, hospitali ya umma hata chini ya hapo, na kunaisha kwa kikao kimoja. Kusafisha mzizi na kuweka krauni, yaani kofia ya jino, juu yake ni makumi ya maelfu, na vikao viwili au vitatu vya mzee kukaa amepanua mdomo.

Hesabu hiyo inabadilika ukiangalia miaka mitano mbele. Jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kuyeyuka, na mwaka wa kwanza ndio unaopunguza zaidi. Utafiti wa muda mrefu uliochapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba kwa wanaovaa meno bandia kamili, taya la chini hupoteza mfupa kiasi cha mara nne ya taya la juu. Hapo ndipo taabu ya vibogoyo wengi ilipo. Meno bandia ya juu yana kaakaa zima la kushikia. Ya chini yana mstari mwembamba wa ufizi, ulimi unayasukuma huku, shavu linayasukuma kule, na kila mwaka mstari huo unazidi kushuka.

Kwa sababu hiyo, kama pesa ni za kuokoa meno mawili tu, mimi ningeokoa chonge mbili za chini kabla ya gego lolote la juu. Chonge zina mizizi mirefu na hushikilia meno bandia ya kuvaa kwa miaka mingi. Hata kichwa cha jino kikiwa kimekwisha, daktari anaweza kusafisha mzizi, kuukata usawa wa ufizi, kuuziba, na kuuacha ubaki chini ya meno bandia ili mfupa usishuke. Ni kazi ndogo na wagonjwa wachache huiulizia. Ulizeni.

Gego la mwisho linalotikisika, lenye usaha, ambalo mzee halitumii kutafunia, halina kesi. Litoke.

Kuna njia ya katikati ambayo haitajwi sana, na kwa mzee dhaifu naiona bora kuliko zote mbili. Daktari anakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, bila mashine na mara nyingi bila ganzi, kisha anaziba kwa saruji maalumu inayoshikana na jino na kutoa floraidi. Njia hii ilianzishwa hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, na sasa inatumika duniani kote kwa watoto na wazee. Nyingine ni matone ya fedha na floraidi yanayopakwa juu ya jino lililooza ili kuusimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Yana kasoro moja: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tititi na kubaki hivyo. Kwa jino la mbele mzee anaweza kukataa, na ana haki. Kwa mizizi ya nyuma ya mama wa miaka 85 anayetetemeka akiona sindano, weusi huo haudhuru kitu.

Meno yanayotikisika bila kuoza ni habari ya ufizi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta watu wazima karibu 98 kwa kila 100 nchini wanatokwa damu kwenye fizi. Kwa hiyo kusafishwa na kukwanguliwa ukoga kliniki ndiyo matibabu yenyewe, ingawa watu wengi huyafikiria kama urembo wa kabla ya harusi. Lifanyike hilo kwanza, ngojeni wiki kadhaa, ndipo daktari aseme jino lipi haliponi. Kuamua kung'oa siku ambayo ufizi umevimba ni haraka isiyo na baraka.

Pengo: kuliacha au kuliziba

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Daktari anayeuza vipandikizi atawabishia, lakini mara nyingi wahenga wako sawa. Mapengo mengi hayahitaji dawa yoyote.

Wapo wazee hapa mjini waliotolewa meno ya chini ya mbele wakiwa vijana, kwa mila: sita kwa Waluo, mawili kwa Wamaasai. Wamekula samaki na nyama, wameimba, wamelea wajukuu, na pengo liko pale pale. Huwezi kumwambia mzee kama huyo akiwa na miaka 78 kwamba ana upungufu wa kurekebishwa. Halafu kuna hesabu ya meno yenyewe. Japani ilianzisha mwaka 1989 kampeni ya kuwataka watu wafike miaka 80 wakiwa na meno yao 20, kwa kuwa mwenye 20 hutafuna vyakula karibu vyote. Mwenye meno yote ya mbele na jozi nne za magego madogo zinazokutana juu na chini, hata bila magego makubwa, kwa kawaida anajitosheleza. Kumwongezea plastiki nyuma ya hapo humletea sehemu mpya ya kushika uchafu, na wengi huishia kuyaweka kabatini.

Zibeni pengo kama mzee anapungua uzito kwa kushindwa kutafuna, kama amebaki na upande mmoja tu unaofanya kazi, au kama yeye mwenyewe anaona haya. La haya msilidharau. Mzee anayeziba mdomo kwa kiganja akicheka, au aliyeacha kwenda kanisani kwa sababu ya meno mawili ya mbele, ana shida halisi. Lakini awe ni yeye anayeona haya, wala si mwana anayetaka picha nzuri za siku ya ruracio, sherehe ya mahari.

Meno ya kuvaa na kuvua

Hapa ndipo familia nyingi huishia, na aina ni tatu kwa yule ambaye bado ana meno yake kadhaa.

| | Plastiki ngumu (akriliki) | Chuma (kobalti na kromu) | Laini (nailoni) |
|---|---|---|---|
| Bei | Nafuu kuliko zote | Ghali zaidi | Kati hadi ghali |
| Mdomoni | Nene, hufunika kaakaa | Nyembamba, imara | Nyepesi, haina vikulabu vya chuma |
| Ikivunjika | Hurekebishwa kwa urahisi | Hurekebishwa kwa shida | Mara nyingi hutengenezwa upya |
| Jino jingine likitoka | Huongezwa | Huongezwa wakati mwingine | Ni vigumu |
| Uzito wa kutafuna | Hulala zaidi kwenye ufizi | Hubebwa na meno | Hulala kwenye ufizi |

Ya nailoni ndiyo inayosifiwa sana sasa, kwa kuwa haionekani na haivunjiki ikidondoka kwenye sinki. Mimi siipendi kwa wazee wengi. Mtu wa miaka 75 mwenye meno tisa, matatu kati yake yakiwa yanatikisika, atapoteza mengine, na kila likitoka anahitaji fundi aongeze jino kwenye yale yale meno bandia. Akriliki inakubali hilo hata mara nne, nailoni inakataa. Uzuri wa nailoni unamfaa aliyepoteza meno mawili ya mbele na yaliyobaki ni mazima. Ya chuma ni bora kwa mwenye meno machache lakini imara, hasa kama akriliki humtapisha kwa unene wake. Nyembamba ile huzoeleka upesi.

Kwa kibogoyo kabisa, meno kamili ya akriliki ndiyo njia ya kawaida, na ni vyema kuzungumza ukweli kabla ya kulipa. Ya juu huzoeleka katika wiki chache. Ya chini huchukua miezi, na wapo wasioyazoea kamwe, hata yakitengenezwa na fundi hodari. Kama meno ndiyo yameng'olewa sasa hivi, ufizi huchukua kama miezi mitatu hadi sita kutulia. Anayetaka meno siku ile ile ya kung'olewa anaweza kuyapata, ila yatalegea ufizi ukinywea na itabidi yajazwe upya kwa ndani. Bei ya kujaza huko iulizwe mapema, maana mara nyingi haimo katika ile ya kwanza.

Mwezi wa kwanza ni wa matoke, ndengu zilizoiva sana, nduma, ugali na mboga iliyokatwa ndogo. Atafune pande zote mbili kwa pamoja, maana akitafunia upande mmoja, ule mwingine unainuka. Githeri ije baadaye, na ichemshwe hadi mahindi yakubali kupondeka kwa kidole. Mahindi ya kuchoma yakiumwa kwa meno ya mbele huyang'oa meno bandia papo hapo, kwa hiyo yapukuchuliwe. Penye kidonda, mzee arudi kliniki akiwa amevaa meno hayo tangu asubuhi, ili daktari aone yanapogusa. Asiyakwangue kwa kisu nyumbani. Wazee wetu mafundi, waliozoea kujitengenezea kila kitu, hupenda sana kujaribu hilo.

Gundi ya meno bandia inasaidia siku ya safari au harusi. Mzee anayemaliza tyubu baada ya tyubu ana meno yasiyomkaa, na dawa yake ni kujaziwa upya au kutengenezewa mengine. Meno bandia hayakusudiwi kudumu hadi mtu azikwe. Baada ya miaka mitano hadi kumi taya limebadilika, wakati meno ni yale yale.

Daraja na vipandikizi

Daraja, yaani jino lililoshikizwa kwa jirani zake mawili, huwafaa wachache katika umri huu. Ili kulifunga, meno ya jirani hukatwa na kuvikwa krauni, na moja likioza chini ya krauni, yote matatu yanakwenda. Kama majirani tayari yana krauni au yamezibwa sana, lina maana. Vinginevyo pitieni mbali.

Vipandikizi ni hadithi nyingine. Ni skurubu za titani zinazozamishwa kwenye mfupa, na mfupa hujishikiza nazo. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, na tangu hapo imethibitika kwamba uzee peke yake hauzuii. Kinachozuia ni sigara, sukari isiyodhibitiwa, mfupa uliokwisha, na zile dawa za mifupa zilizotajwa juu. Nairobi, katika kliniki binafsi, kipandikizi kimoja mara nyingi huvuka shilingi 100,000. Kutoka kuwekwa hadi kutafunia ni miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine zaidi.

Yule ndugu wa ng'ambo hufikiria mdomo mzima wa vipandikizi. Kuna mpango wa bei ya chini sana unaotatua shida kubwa zaidi: vipandikizi viwili tu, mbele ya taya la chini, na juu yake meno bandia ya kuvaa yanayobana kwa vifungo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walisema hiyo ndiyo iwe njia ya kwanza kwa kibogoyo wa taya la chini. Ya juu yanabaki ya kawaida, kwa kuwa yanajishika yenyewe. Mzee anavua usiku, anasafisha, analala. Kama kuna pesa za kuchanga kwa ajili ya mama, hapa ndipo zinapofanya kazi kuliko penginepo pote.

Meno ya kudumu yaliyofungwa juu ya vipandikizi sita yanapendeza mno, lakini yana swali ambalo muuzaji hapendi kuulizwa: mzee akipata kiharusi baada ya miaka minne na asiweze kupiga mswaki, nani atasafisha chini yake? Yasiposafishwa, ufizi na mfupa unaozunguka skurubu huoza kama ule wa jino la asili.

Wapi Nairobi

Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek, huwahudumia watu kwa mikono ya wanafunzi, na wahadhiri husimamia na kukagua kazi. Faida yake ni gharama ya chini kuliko kliniki nyingi binafsi, na kila kitu kinaangaliwa mara mbili. Hasara ni muda. Kikao cha nusu saa kwingine huweza kuwa asubuhi nzima hapo, na likizo za chuo huvuruga ratiba. Kwa mzee mwenye nguvu na mjukuu wa kumsindikiza, meno bandia ningeyafuata hapo bila kusita. Kwa anayechoka akikaa saa moja, hapana.

Hospitali Kuu ya Kenyatta ndiyo ya mambo mazito: uvimbe wa taya, mgonjwa wa moyo, saratani, jino lililoleta usaha shingoni. Kwa kusafisha meno tu, foleni yake haina faida. Hospitali za kaunti, kama Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, ziko karibu na mitaa na kung'oa ni nafuu. Kabla ya kupanda matatu, pigeni simu muulize kama huduma mnayoitaka ipo, hasa meno bandia, na kama mashine inafanya kazi wiki hiyo.

Kliniki binafsi zimejaa kuanzia Upper Hill na Hurlingham hadi Eastleigh na Umoja. Tofauti za bei kwa kazi ile ile ni kubwa, kwa hiyo ombeni makadirio kwa maandishi, yakionyesha vikao vingapi na marekebisho yapi yamo ndani ya bei. Na ulizeni lifti. Kliniki nyingi za mitaani ziko ghorofa ya pili au ya tatu, juu ya duka la dawa, ngazi tupu. Mzee wa magoti hapandi huko mara sita.

Fundi wa meno asiye na leseni, anayegandisha plastiki mbichi moja kwa moja kwenye meno ya jirani na kusema ni ya kudumu, msimwendee kwa bei yoyote. Plastiki ile haivuliki, chakula huoza chini yake, na meno mazima huondoka pamoja nayo. Jina la daktari hutafutwa katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na ni kazi ya dakika mbili kwenye simu.

Kuhusu malipo, SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF ya zamani Oktoba 2024. Hakikisheni usajili wa mzee uko hai, kisha muulize hospitali yenyewe kabla ya siku ya matibabu kipi kinalipiwa na kipi mtatoa mfukoni. Bima binafsi nyingi huweka kikomo kidogo cha meno, na vipandikizi huachwa nje. Anayetegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee, hawezi kulipia meno bandia peke yake. Mchango wa watoto upangwe mapema, pamoja na nauli na siku za kazi za yule anayemsindikiza, maana huyo mara nyingi husahaulika kwenye hesabu.

Usafi wa nyumbani

Mswaki wa kawaida wenye nywele laini unatosha, mradi mkono unaushika. Mkono ukiwa dhaifu, zungushieni mpini kitambaa na utepe au uvisheni mpira wa usukani wa baiskeli uwe mnene. Mswaki wa umeme una mpini mnene na hufanya kazi yenyewe, kwa hiyo unawafaa wenye vidole vya baridi yabisi, ingawa wengine hawavumilii mtetemo. Mswaki wa mti ni mzuri na umesifiwa hata na Shirika la Afya Duniani, ila haufiki vizuri nyuma ya magego, na kwa mizizi iliyo wazi bado nataka dawa ya meno yenye floraidi iwepo. Angalieni pakiti: ppm (sehemu za floraidi kwa kila milioni) 1,000 hadi 1,500 ndicho kiwango cha kawaida. Kwa mzee ambaye mizizi inaoza mfululizo, daktari anaweza kuandika ya 5,000. Mkaa na magadi viacheni, vinakwangua mzizi ulio laini.

Na kama mzee alikulia upande wa Bonde la Ufa na meno yake ni ya kahawia tangu utotoni, hiyo ni floraidi ya maji ya huko. Sio uozo, na pesa za kuyafanya meupe zina kazi nyingine.

Meno bandia hayataki dawa ya meno, kwa kuwa huyakwaruza na kuipa kuvu mahali pa kukaa. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na mswaki wake wa pekee vinatosha, juu ya beseni lenye maji ili yakidondoka yasivunjike. Maji ya moto huyapinda. Usiku yatoke, yalale kwenye maji safi. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015 kwa watu wa miaka 85 na zaidi uliwakuta wanaolala nayo wakiwa na hatari ya nimonia kama mara mbili ya wasiolala nayo.

Mzee asiyetoka kitandani hahitaji kazi mpya ya meno. Anahitaji mdomo usiouma na ulio safi. Muinueni akae, au alale ubavu ili asipaliwe, mpake floraidi kidogo kwa mswaki mdogo, na mpanguse ulimi na mashavu kwa shashi yenye maji. Wakati huo huo angalieni ndani kwa tochi ya simu. Kidonda, doa jeupe au jekundu, au uvimbe usioondoka kwa wiki tatu upelekwe hospitali, hasa kwa aliyevuta sigara, aliyetumia ugoro au aliyekunywa pombe kwa miaka mingi. Apelekwe hata kama hana jino hata moja mdomoni.